Mkunga wa Jukwaa la Maziwa

Mimi niliwahi kumtia Waziri maneno mdomoni. Msicheke. Sikuwa mtu wa maana. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, mpiga taipu katika ofisi moja ya serikali mjini Eldoret, na sweta ya kijani niliyofumiwa na mama, na viatu vya kisigino ambavyo matope ya mji ule yaliviandama kama yana kisasi. Lakini maneno niliyoyapiga kwa vidole vyangu hivi siku ya Jumatatu, Waziri Msaidizi aliyasoma Bungeni siku ya Alhamisi. Wapo wazee hapa kijijini wanaojisifu kwamba enzi za uhuru walikuwa karibu na Serikali. Karibu gani? Walipunga bendera kando ya barabara, wakanyeshewa, wakarudi nyumbani.

Watu hudhani mbunge akiuliza swali, Waziri hukaa chini akashika kichwa na kufikiri. Wapi! Swali liliulizwa Nairobi, likateremka kwa simu ya maandishi hadi mkoani, likaja wilayani, likatua kwenye meza ya karani mkuu wetu, na kutoka hapo likavuka hatua nne hadi kwenye meza yangu iliyokuwa na mguu mmoja mfupi. Jibu nalo lilipanda ngazi zile zile kurudi. Kila mkubwa aliyelipokea njiani aliweka sahihi yake na kuondoa neno moja lenye uhai, hata likifika kwa Waziri lilikuwa safi, halina harufu wala mfupa.

Karani mkuu wetu alikuwa mzee mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi sikio la kushoto. Alikuwa amewaandikia wakoloni majibu, sasa alikuwa anatuandikia sisi wenyewe, na sikuona kama alibadilisha hata wino. Siku yangu ya kwanza kazini aliniita.

"Binti," akasema, "swali la mheshimiwa lina mlango mmoja wa kuingilia. Sisi tuna mitatu ya kutokea. Waziri anajua. Hatua zimechukuliwa. Wananchi wawe na subira. Daraja limeanguka? Waziri anajua. Shule haina mwalimu? Hatua zimechukuliwa. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mzee. Na tarehe?"

"Tarehe ni ya harusi na ya kaburi. Kwenye jibu la Bunge usithubutu kuweka tarehe."

Miaka hiyo watu walikuwa na ugonjwa mmoja, nao ulikuwa mashamba. Mzungu alikuwa anafunga sanduku, kampuni ya watu mia mbili inanunua ardhi yake, na kila mtu mwenye mshahara alikuwa na hisa mahali. Ukiingia ofisini kwetu saa nne asubuhi unakuta makoti yametundikwa kwenye viti na wenyewe hawapo. Ukiuliza fulani yuko wapi, unaambiwa ameenda kuona ploti. Karani mkuu mwenyewe alikuwa na kipande cha ardhi huko Kiplombe na alikwenda kukipima kwa kamba mara mbili kwa wiki, kana kwamba kingekua.

Basi Jumatatu moja ya mvua likaja swali. Mheshimiwa mmoja alitaka kumwuliza Waziri: je, anajua kwamba wanawake wa shamba fulani lililonunuliwa na kampuni ya wananchi, upande wa Moiben, hawana mkunga wala kituo, na kwamba wakishikwa na uchungu hubebwa kwa trela la trekta hadi mjini? Na je, atapeleka mkunga lini?

Nililisoma nikiwa nimesimama. Halafu nikaketi.

Shamba lile nililijua. Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa hapo. Shemeji yangu alikuwa ameuza ng'ombe wote ila mmoja akapata hisa yake, na wao wawili waliishi kwenye chumba ambacho Mzungu alikuwa anafugia ndama, wakakipaka chokaa, wakaweka pazia la maua. Na trela lile la trekta nililijua pia. Mwaka uliotangulia, mvua kama hizo hizo, dada alipandishwa juu yake na uchungu wake, trekta likakwama kwenye kijito saa mbili nzima, na mtoto alizaliwa pale majini akiwa hana pumzi. Alikuwa mvulana. Sasa dada alikuwa na mimba nyingine, imeingia mwezi wa nane. Ndiyo maana niliketi.

"Mzee," nikamwambia karani mkuu, "hili swali ni la kweli. Hapo hakuna mkunga. Dada yangu anakaa hapo."

Alikuwa amekwisha vaa kofia. Gari la kwenda Kiplombe lilikuwa linapiga honi nje.

"Swali halikukuuliza wewe kama yupo," akasema. "Limemwuliza Waziri kama anajua. Fungua jalada la shamba hilo, tafuta jibu la mwaka jana, badilisha penye kubadilisha. Nikirudi nilikute."

"Lakini Mzee..."

"Badilisha penye kubadilisha!"

Akaenda zake. Ndivyo kazi ilivyofanyika, msinilaumu. Hakuna jibu lililozaliwa upya. Jibu la mwaka huu lilikuwa mtoto wa jibu la mwaka jana na mjukuu wa jibu la mkoloni. Nikafungua jalada. Shamba lile lilikuwa limewahi kuulizwa Bungeni mara moja tu, na swali lenyewe lilihusu ng'ombe.

Wakati huo Serikali ilikuwa na huduma ya kupandisha ng'ombe bila dume. Mtaalamu alipita na gari dogo lenye chupa ya barafu, na ndani ya chupa mbegu za madume wakubwa, na wenye ng'ombe waliosikia joto waliwaleta kando ya barabara wakamsubiri. Shamba lile walimsubiri kwenye jukwaa la maziwa, ile meza ya mbao ambapo mikebe huwekwa asubuhi ichukuliwe na lori. Watu walimwita mtaalamu huyo Ndume ya Serikali, na ingawa alikuwa kijana mpole mwenye tai, jina halikumtoka.

Jibu la mwaka jana lilisema hivi, nilitafsiri kichwani kutoka Kiingereza, maana Bunge siku hizo liliongea Kiingereza: Waziri anajua mahitaji ya ng'ombe wa shamba hilo. Huduma imeanzishwa. Mtaalamu hupita kila Jumanne na Ijumaa asubuhi, na wanaohitaji humsubiri kwenye jukwaa la maziwa. Wenyeji wanaombwa washirikiane naye.

Nikaingiza karatasi kwenye mashine. Penye ng'ombe nikaweka akina mama. Penye mtaalamu wa mifugo nikaweka mkunga. Kulikuwa na sentensi moja kuhusu kufunga mkia kando kwa kamba, hiyo niliiondoa. Sikuwa mjinga kiasi hicho.

Mtaniuliza, hukuona aibu? Niliona. Lakini nitasema ukweli wote: karatasi ilipotoka kwenye mashine, nyeupe, mistari imenyooka, mkunga anapita kila Jumanne na Ijumaa, ilipendeza hata mimi nikataka kuiamini. Nilimwona kabisa yule mkunga. Alikuwa na kofia nyeupe na mkoba wa ngozi. Karani mkuu akarudi na matope hadi magotini, akaisoma mbio, akasema, "Safi, ina uzito," akatia sahihi. Ikapanda ngazi.

Alhamisi jioni redio ikasema. Nilikuwa kwa mama mwenye nyumba nikimenya viazi. Mtangazaji akasema kwa Kiswahili kizuri kwamba Waziri Msaidizi ameliambia Bunge kwamba wanawake wa shamba lile wanapata huduma ya mkunga kila Jumanne na Ijumaa asubuhi, kwenye jukwaa la maziwa, na kwamba mheshimiwa aliyeuliza alikosa swali la nyongeza. Bila shaka alikosa. Mtu akiambiwa kitu kama hicho kwa sauti nzito, na siku, na mahali, atauliza nini? Kisu kikaniteleza nikajikata kidole.

Jumamosi dada akaja mjini. Alishuka kwenye lori la yule Msomali mwenye duka la Moiben, ambaye redio yake ilikuwa kubwa kuliko za wengine wote na ndiyo iliyopeleka habari shambani. Alinishukia na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, chini ya kwapa, leso yake mpya ya manjano kichwani, tumbo limemtangulia. Akaketi kitandani kwangu, akavua viatu. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi alama za mikanda zilibaki kwenye nyama.

"Umesikia redio?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Jumanne na Ijumaa."

"Ndiyo."

"Kwa jukwaa letu la maziwa."

"Ndivyo walivyosema."

Akaniangalia. Aliniangalia kidogo zaidi ya kawaida, hata nikaanza kutafuta vikombe ambavyo vilikuwa mbele yangu.

"Sasa nimekuja kukuuliza wewe unayefanya kazi ya Serikali," akasema. "Tusimame upande gani wa barabara?"

Haki ya Mungu, hapo ndipo ningesema. Neno moja tu: dada, ni uongo, tena ni wa kwangu. Nikamimina mursik, nikanywa kikombe kizima bila kupumua, halafu nikasema, "Upande wa juu, kusiko na matope." Akashukuru. Alipoondoka nililia, nikajitukana kwa lugha mbili, nikaapa kwamba Jumanne nitakwenda mwenyewe kuwaambia akina mama ukweli kabla hawajanyeshewa bure.

Jumatatu jioni nikamwambia karani mkuu naumwa tumbo. Jumanne nikapanda lori la maziwa alfajiri. Kilichonichelewesha ni kile kijito. Tulipofika jukwaani jua lilikuwa limeshatoka, na nilichokiona sitakisahau hata nikizeeka mara ya pili.

Upande wa juu wa barabara, kusiko na matope, kama nilivyoagiza, walisimama wanawake kama ishirini. Walikuwa wameoga. Walikuwa wamevaa nguo za kanisani. Wengine walikuwa na mimba, wengine na watoto mgongoni, na bibi mmoja kizee asiye na jino hata moja alikuwa ameketi juu ya mkebe mbele ya wote.

"Wewe pia, bibi?" nikamwuliza.

"Mimi nimekuja kuona kama Serikali inakuja," akasema. "Mara ya mwisho kuiona ilikuwa inachukua kodi."

Upande wa chini, kwenye matope, walisimama wanaume na ng'ombe wao karibu na krashi, ile njia nyembamba ya mbao ya kumbana ng'ombe asirushe mateke. Hakuna aliyewaambia kwamba Jumanne yao sasa wanagawana na akina mama. Shemeji yangu alikuwa wa kwanza kwenye mstari na yule ng'ombe wake wa pekee, amemshika kamba kama bibi harusi. Ng'ombe alikuwa amesikia joto tangu jana jioni. Joto hilo halingoji. Likipita leo unasubiri wiki tatu nyingine.

Nikafungua mdomo. "Mama zangu," nikaanza, "nina jambo la kuwaambia..."

Ndipo gari likatokea. Volkswagen ndogo ya kijivu, nembo ya Serikali mlangoni, inarukaruka kwenye mashimo. Wanawake wakapiga vigelegele. Jamani! Vigelegele vya harusi, vya nguvu. Gari likapunguza mwendo, likasita, na kwa nyuma ya kioo nikamwona Ndume ya Serikali ametoa macho. Alizoea kupokewa na ng'ombe watano na matusi ya kuchelewa. Akashuka, tai yake imenyooka, na glavu ile ndefu ya mpira inayofika begani ikining'inia mkononi.

Vigelegele vikakatika kama vimekatwa na panga. Wanawake wote wakaitazama glavu.

"Ala!" akasema mmoja nyuma. "Hiyo yote?"

"Mimi narudi nyumbani," akasema mwingine.

"Hurudi popote," bibi kizee akamkemea. "Mficha uchi hazai. Kijana, anza na huyu mnene."

"Mama, mama zangu, kuna makosa!" Ndume ya Serikali alirudi nyuma hadi mgongo ukagonga gari. "Mimi ni wa ng'ombe! Wa ng'ombe tu!"

"Redio imesema Jumanne."

"Redio haikunitaja mimi!"

"Wewe si wa Serikali?"

"Ni wa Serikali, lakini..."

"Basi hakuna lakini. Waziri amesema mshirikiane na sisi."

"Ni sisi tushirikiane na yeye," mwingine akamsahihisha, na wakaanza kubishana wao kwa wao, na wanaume nao kule chini wakapaza sauti kwamba ng'ombe wataharibikiwa, na mimi nikawa nimesimama katikati na ukweli wangu, hakuna wa kumpa. Kijana wa watu alikuwa anatoka jasho. Akatafuta njia ya kupita kwenda kwenye krashi, na katika kupita akajikuta uso kwa uso na dada yangu.

Dada hakuwa anapiga kelele. Alikuwa ameegemea nguzo ya jukwaa, mkono mmoja kwenye paji la uso. Kijana akamtazama usoni. Akatazama miguu. Kwa mara ya kwanza akaonekana kama mtu mwenye kazi yake.

"Mama, kichwa kinauma?"

"Tangu juzi."

"Macho? Unaona kama vitu vinametameta?"

"Tangu jana."

Akavua ile glavu polepole, akaikunja. "Huyu aende hospitali," akasema. "Leo. Sasa hivi."

Shemeji akauliza kutoka upande wa pili, kwa ukali wa hofu, kwamba mtu wa ng'ombe amejuaje habari za mkewe.

"Mke wangu alianza hivi hivi," akasema kijana.

"Na sasa anaendeleaje?" nikauliza mimi, mpumbavu.

Alifungua mlango wa gari, akaanza kutoa mirija ya mpira na ndoo kwenye kiti cha nyuma na kuvitupa kwenye majani. Wakati huo wote hakunitazama, na sikuuliza tena.

Shemeji alikuwa bado ameshika kamba. Akamtazama ng'ombe. Akamtazama mkewe. Akamtazama tena ng'ombe, na huo mtazamo wa pili dada hajamsamehe mpaka leo. Halafu akaiachia kamba, akavuka matope mbio, akambeba mkewe na tumbo lake akamweka ndani ya gari kama mkebe wa maziwa uliojaa. "Nendeni!" akapiga kelele. "Mnangoja nini? Nendeni!" Ng'ombe naye akaenda zake, akaingia kwenye mahindi ya mwenyekiti wa kampuni.

Nafasi ilibaki moja, mbele, nikaingia. Ndume ya Serikali akanipakatisha ile chupa ya barafu.

"Shika kwa mikono miwili," akasema. "Hapo ndani kuna madume wanne wa Friziani. Isimwagike."

Basi hivyo ndivyo tulivyokwenda Eldoret. Nyuma dada anaugua, mbele mimi nimepakata madume wanne, na kijana wa watu anaendesha kwenye matope kwa namna ambayo ingemfukuzisha kazi hata bila sababu nyingine. Tulipofika kwenye kijito, kile kile, maji yalikuwa yamepanda. Alisimamisha gari. Nikasikia dada nyuma yangu ameacha kuugua; alikuwa anayatazama yale maji. Sitaki kusema alichokiona. Kijana akarudisha gari nyuma, akatamka jina la Mungu, akakanyaga mafuta, na Volkswagen ile ikavuka ikipiga mbizi kama bata. Nililia kwa sauti. Sioni haya.

Langoni mwa hospitali mlinzi akakataa. Akasema gari la mifugo haliingii, ni amri. Nikateremka na chupa yangu mikononi nikamwambia mambo ambayo mama yangu hakunifundisha, na nikamwambia kwamba nikiifungua hii chupa atajua hajui. Akafungua lango.

Dada alijifungua siku iliyofuata asubuhi. Mtoto wa kike, mdogo, ana sauti kama ya mlango usiotiwa mafuta. Daktari akasema angechelewa hadi Ijumaa tungezika wawili. Nilipomchukua mtoto yule mikononi mwangu niliona alikuwa mwepesi kuliko ile chupa.

Sasa rudini ofisini, maana Serikali haikubali jambo liishe hivi hivi. Wiki haikupita, barua ikaja: mtaalamu wa mifugo aeleze kwa nini gari la ng'ombe lilibeba mtu, na kwa nini Jumanne hiyo ng'ombe watano hawakuhudumiwa. Aliyetakiwa kuipiga taipu barua ya kumsimamisha kazi ni nani? Mimi. Nikakataa. Nikaweka mikono kwapani. Nikamwambia karani mkuu yote, jibu, jalada, mkia, kila kitu, na kwamba kama kuna wa kufukuzwa basi nifukuzwe mimi, na viatu vyangu.

Mzee alivua miwani. Akaufungua uzi, akaufunga tena. Nilidhani ataniangushia dari.

"Binti," akasema, "Waziri aliliambia Bunge kuna huduma ya akina mama mahali pale, siku ya Jumanne. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Na siku ya Jumanne, mahali pale, mtumishi wa Serikali amempeleka mama hospitali. Sivyo?"

"Ndivyo, Mzee."

"Basi kijana huyo alikuwa anatekeleza jibu la Waziri. Nani atamfukuza? Andika."

Nikaandika. Yule mzee nilimpenda siku hiyo, na nikamsamehe Kiplombe yote.

Wale akina mama nao hawakuacha kusimama. Jumanne na Ijumaa, mvua na jua, upande wa juu wa barabara. Mheshimiwa akapata habari, akaja kuwaona, akarudi Bungeni na swali jipya ambalo sasa lilikuwa na meno. Nairobi wakapata joto. Karani mkuu akanieleza kwamba jibu likishaingia kwenye kitabu cha Bunge halitoki. Ni rahisi zaidi kuibadilisha dunia ifanane nalo. Na kweli, kabla mahindi hayajavunwa, mkunga akaletwa. Hakuwa na mkoba wa ngozi, alikuwa na kikapu, na mkali vibaya, lakini alifika kila Jumanne na Ijumaa asubuhi, kwenye jukwaa la maziwa, kama ilivyoandikwa.

Lakini kabla hajaletwa, Nairobi walituma fomu. Walitaka kujua huduma ile ya jukwaani imewasaidia akina mama wangapi hadi sasa. Nikaijaza mwenyewe. Nikapiga: mmoja. Mama na mtoto wazima. Katika miaka yangu yote kwenye mashine ile hilo ndilo jibu pekee nililoandika ambalo lilikuwa kweli kuanzia herufi ya kwanza hadi nukta. Lilirudi limekatwa kwa kalamu nyekundu. Mkubwa fulani alikuwa ameandika pembeni: andika "wengi".

Dada sikumwambia. Miaka ikapita, mtoto akakua, akaingia shule, akaanza kunijibu vibaya. Kila nilipotaka kusema, nilikuta kuna sufuria ya kuosha. Hadi mwaka mmoja wa mavuno mazuri, tulikuwa uani kwake tunapukuchua mahindi, wawili tu, nikasema bila kuinua macho.

"Dada, ile habari ya mkunga ya redioni, mimi ndiye niliyeiandika. Ilikuwa uongo. Niliitoa kwenye barua ya ng'ombe."

Aliendelea kupukuchua.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"We mtoto, katika Nairobi yote nani anajua ng'ombe wetu wanasimama wapi? Niliposikia jukwaa la maziwa, nikasema huyu ni mdogo wangu. Nikaja mjini nikutazame uso. Uso wako ukaniambia hakuna mkunga."

Mikono yangu ikasimama. "Ulijua, na ukaenda kusimama pale? Na tumbo lile, na miguu ile, saa mbili kwenye baridi?"

Akatupa gunzi kwenye rundo, akachukua hindi lingine.

"Ningesimama wapi kwingine?" akasema.